Dada Amerudi Ukutani

Wale mlionitumia meseji wiki nzima kwamba nawadanganya, kwamba marehemu habandikwi ukutani stendi, leo nawajibu. Sikudanganya. Alibandikwa, na gundi ilikuwa bado mbichi.

Na wewe uliyenunua gazeti kwa ajili ya matokeo ya mpira ukajikuta kwenye ukurasa huu, karibu, nikuweke sawa haraka.

Mimi nafanya kazi kwenye duka la kuchapa mabango. Dada yangu wa pekee alifariki mwaka jana akijifungua, akaondoka na kichanga chake. Tangu tumzike, Mama yetu amelala kitandani kageukia ukuta. Haongei, hali, na lile neno "amefariki" halijawahi kutoka kinywani mwake. Wiki iliyopita nashuka kwenye basi, simu mkononi kama kawaida yangu, nikainua kichwa nikakutana na Dada. Mkubwa kama mlango. Gauni lake la njano, mtoto begani, anacheka. Chini yake maandishi mekundu: MAMA MWENYE FURAHA HAHITAJI MUSWADA.

Ni ule muswada wa kupanga uzazi, ambao kila redio inaupigia kelele. Sheria ya sasa inasema mke wa mtu akitaka sindano au vidonge vya kuzuia mimba, lazima mume aweke sahihi mbele ya nesi. Bila sahihi unarudi nyumbani ulivyokuja. Muswada unataka hiyo sahihi iondolewe, mwanamke aende mwenyewe, na vidonge vipatikane duka lolote la dawa.

Dada yangu alifia kwenye hiyo sahihi. Na sasa kasimamishwa ukutani aitetee.

Nilimpiga picha palepale. Mnajua simu za siku hizi zinavyojifanya zina akili. Ikazunguka kidogo, halafu ikaniandikia kwamba imeongeza picha mpya kwenye folda ya Dada. Mpya. Nilikaa chini kwenye ukingo wa barabara na watu wakanipita wakidhani nimeibiwa.

Tuendelee.

Nilifika kazini miguu haigusi chini. Bosi wangu tunamwita Wino, kwa sababu vidole vyake havijawahi kuwa na rangi moja. Alikuwa kainama kwenye mashine, kanipa mgongo, anaisema vibaya kama mke mdogo.

Nikamuuliza, "Bosi, yule mama wa kwenye mabango ya muswada mmemtoa wapi?"

Akanyoosha kidole nyuma bila kugeuka. "Si huyo wa kupimia rangi."

Hapo naomba mnisikilize vizuri, maana msiba wangu wote umeanzia hapo.

Kila asubuhi, kabla hatujapokea kazi ya mtu, mashine lazima itoe picha ya kupimia rangi. Usipofanya hivyo utachapa bango la harusi na bibi harusi atatoka kijani. Mashine yetu ilikuja na picha yake, bakuli la matunda. Tatizo, machungwa yakitoka vizuri, sura ya mtu inatoka kama kapakwa majivu. Waliotengeneza ile mashine hawakuwa na ngozi zetu akilini.

Kwa hiyo nilipoanza kazi nikaweka picha ya Dada. Niliipiga kwa simu hii hii uani kwao. Gauni la njano, ndoo ya bluu nyuma yake, shati jekundu kwenye kamba ya nguo. Rangi zote zimo. Lakini cha muhimu ni ile ngozi yake. Ngozi ya Dada ikitoka sawa, kila kitu kitatoka sawa.

Halafu akafariki. Na sikuiondoa.

Kila asubuhi nawasha mashine, inakohoa, halafu Dada anaanza kutoka taratibu. Nywele kwanza, paji la uso, macho. Wino wa njano ukipungua anatoka na rangi ya mtu aliyezama majini. Wa bluu ukiziba anatoka mwekundu, kama ana homa. Nasafisha kichwa cha mashine, namtoa tena. Nasafisha, namtoa. Mpaka apone.

Sikuwahi kumwambia Bosi yule ni nani. Dada hakuwahi kufika dukani, na Bosi, ambaye kwenye picha huona rangi tu, alidhani nimeiokota mtandaoni. Sasa siku yangu ya mapumziko akaingia mteja, mwenyekiti wa wale wanaopinga muswada. Mtaani wanamwita Mama Kipaza, kwa sababu hata akikuomba chumvi utadhani anahutubia uwanja. Alitaka mabango yenye sura ya mama mwenye furaha. Bosi akaanza kumfungulia picha kwenye kompyuta. Mama Kipaza akageuka, akaona kwenye ukuta tunapoanika picha za kupimia, Dada kapangwa pale mmoja baada ya mwingine kama nguo. Akasema, nataka huyu.

Basi. Hakuna mchawi, hakuna adui. Ni mteja na ukuta wa kuanikia.

Nikamwambia, "Bosi, yule ni dada yangu. Ni yule niliyekuombea ruhusa ya msiba."

Mashine iliendelea kukimbia peke yake. Wino akakaa juu ya turubai la mabango lililoviringishwa, kama mtu aliyekatwa kamba. Akavitazama vidole vyake.

"Na mimi kila asubuhi nakwambia, leo huyu mama katoka mbaya, mrudie," akasema.

Kwa kweli alikuwa akiniambia hivyo. Kila asubuhi.

Alitaka kumpigia Mama Kipaza papo hapo. Mabango ya mtaani yalishatoka, lakini kulikuwa na kazi moja bado haijachapwa, bango kubwa la ukumbini. Alhamisi kamati ya bunge inakuja kusikiliza maoni ya wananchi kuhusu muswada, na Mama Kipaza alitaka Dada atundikwe mbele, juu ya vichwa vya waheshimiwa wote. Bosi akasema nikitaka aikatae ile kazi ataikataa, hata kama huyo ndiye mteja wetu mkubwa mwezi huu. Nikamwambia akatae. Nikaondoka nikiwa na nguvu kidogo.

Nguvu ziliisha nilipofungua mlango wa nyumbani.

Kitanda cha Mama kilikuwa kimetandikwa.

Jamani, mtu hajatoka kitandani tangu mazishi, unakuta kitanda kimetandikwa, shuka limekunjwa pembeni, viatu havipo. Nilipiga simu yake, ikaita chini ya mto. Nilitazama uani, nilitazama kisimani. Ndiyo, kisimani. Nisiwafiche nilichowaza.

Akaingia akiwa na ndoo na kitambaa. Kajitanda vizuri, kapaka mafuta, jasho linamtoka kama mtu aliyetoka shamba.

Nikamuuliza ametoka wapi. Akanijibu kama swali la kijinga. "Si kwa dada yako."

Jirani wa mlango wa pili ndiye aliyemwambia. Alipita dirishani akasema, mama, nimemwona binti yako stendi. Hakuwa na ubaya, naye alishtuka kama mimi. Mama akainuka. Kaenda stendi, kaenda sokoni, kaenda ule ukuta wa zahanati, kila alipobandikwa, anamfuta vumbi usoni.

"Pale sokoni wamembandika ovyo, gundi imemwingia jichoni," akasema. "Nimeitoa."

Halafu akaomba chakula. Akala, akaongeza. Mimi niko mlangoni na simu mkononi, natazama mama yangu anakula, na machozi yananitoka, sijui ni ya furaha au ya kitu gani.

Akaniambia habari zake huku anatafuna, kama mtu aliyerudi harusini. Kwamba amekutana na mwenyekiti wao, mama mstaarabu sana, sauti tu ndiyo kubwa. Kwamba mwenyekiti ndiye aliyemkuta yeye anamfuta Dada uso, akamuuliza kama anamjua. Mama akasema ni mwanangu. Yule mama akamkumbatia mbele ya watu wote, akamuuliza mwenyewe yuko wapi, maana wanamtafuta aje kuongea Alhamisi.

"Ukamwambia nini, Mama?"

Alisukuma tonge kwenye sahani, akalirudisha.

"Nikamwambia yuko."

Yeye akaendelea kula.

"Gauni lake la njano liko kwenye sanduku langu," akasema. "Nililifua."

Nilielewa kabla hajamaliza, ila nilijifanya sijaelewa. Mimi na Dada tulikuwa sura moja. Mtaani walikuwa wakisema mmoja ni kopi ya mwenzake, tofauti ni kwamba mimi nina simu mkononi na yeye ana mtoto.

"Mama, Dada amefariki."

"Usiniletee maneno hayo nikiwa na chakula mdomoni."

"Alifariki kwa sababu ya kitu ambacho hao watu wanakitetea. Tukinyamaza anakuwa shahidi wao. Tukisema, watayabandua mabango yote kesho asubuhi."

"Ndiyo hicho," akasema Mama, akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu msiba. Macho yake yalikuwa safi kabisa. "Watambandua. Wewe mtoto, unataka nimzike mara ngapi?"

Akasema hataki niseme uongo mwingi. Nisimame, niseme mimi ndiye yule wa kwenye picha, nikae. Wakishinda, mabango yatabaki. Asubuhi atapita kumsalimia, jioni atapita kumuaga. Hilo tu ndilo analoliomba duniani.

Nilitoka nje nikampigia Bosi.

"Ile kazi ya ukumbini," nikamwambia, "usiikatae."

Akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema ndiyo. Niliichapa mwenyewe, kesho yake asubuhi. Nywele, paji la uso, macho, upana wa ukuta mzima. Wino haukupungua, hakuna kilichoziba. Siku hiyo Dada alitoka sawa mara ya kwanza.

Mnanitukana, najua. Subirini.

Nilikuwa na mtu mmoja tu wa kumlilia, shemeji yangu, mume wa Dada. Ni fundi wa majokofu. Sikuwa nimekanyaga kwake muda mrefu, kwa sababu kila nikimwona naona mkono wake, ule ambao haukushika kalamu.

Nilifika karakana yake nikashindwa kuingia. Mlangoni kuna jokofu kubwa la bucha limeziba njia yote. Nikaita. Akanijibu kutoka ndani nizunguke nyuma.

Ndani giza, majokofu yamesimama milango wazi kama watu wanaopiga miayo. Shemeji kakaa kwenye kreti, bisibisi mkononi, ndevu zimemjaa.

Nikamuuliza kwa nini kaziba mlango, wateja wanaingilia wapi. Akasema nichungulie kwenye upenyo. Nikachungulia. Ng'ambo ya barabara, ukutani, Dada. Anacheka moja kwa moja hadi ndani ya karakana.

"Kila nikiinua kichwa yuko hapo," akasema. "Shem, siwezi kufanya kazi."

Nikamweleza ya Mama, ya gauni, ya Alhamisi. Nilitegemea atasema tumzuie. Akaendelea kuzungusha bisibisi kwenye skrubu ambayo ilishakazwa kitambo. Basi nikamtolea lile swali ambalo sikuwahi kumuuliza, wala msibani sikumuuliza.

"Shem, kwa nini hukusaini?"

Bisibisi ikasimama.

"Daktari alisema mimba nyingine itamuua," nikasema. "Dada alikuletea maneno hayo mwenyewe. Wewe siyo mtu mbaya. Kwa nini?"

Akanieleza, na nitawaeleza kama alivyonieleza. Dada alimwambia, naye akakubali. Walipanga Jumatatu waende zahanati wote wawili, wamwachie watoto jirani. Jumapili mchana akaja mgeni. Akakaa kwenye kiti cha wageni, akakataa chai, akamwambia Dada atoke nje kidogo na watoto.

"Mgeni gani?"

"Mama mkwe."

Nikamwambia Mama gani. Nilikuwa nimesikia vizuri kabisa, lakini nikauliza.

"Mama yako, shem. Aliniambia yeye alizaa wawili tu tumbo likafunga, na maisha yake yote ameitwa nusu mwanamke. Akasema binti yake hataitwa hivyo na yeye yuko hai. Nikisaini, nisimwite mama tena." Akafuta mikono kwenye suruali, ikachafuka zaidi. "Nilimheshimu. Mimi nililelewa kumheshimu mama mkwe. Jumatatu nikajifanya nina kazi ya haraka, akaenda peke yake, wakamrudisha. Nikajifanya hivyo hivyo kila Jumatatu mpaka mimba ikaingia."

Nilitaka kumwambia anasukumia mwanamke mzee makosa yake. Akanisoma.

"Simsukumii," akasema. "Mkono ulikuwa wangu. Nakujibu tu ulichoniuliza."

Nilitoka kwa nyuma, nikasimama kati ya mabaki ya majokofu, nikafungua simu.

Kuna kitu wasomaji wangu hamjakijua. Nina ujumbe wa sauti wa Dada, wa mwisho kunitumia kuhusu mambo ya zahanati. Nimeusikiliza mpaka nimeukariri pumzi kwa pumzi. Mama sijawahi kumsikilizisha, kwa sababu ya maneno matatu ya mwisho kabisa. Dada anasema, "Usimwambie Mama, sawa?" Nilidhani ni haya za kawaida, mambo ya uzazi hayasemwi kwa mama.

Niliyasikia upya pale. Kumbe Dada alijua nani alikuja Jumapili kufanya nini.

Na nikaelewa kitanda, na ukuta, na kwa nini neno lile halitoki mdomoni kwa Mama. Akisema amefariki, swali linalofuata ni kwa nini.

Alhamisi nikavaa gauni.

Mama ndiye aliyenifunga vifungo mgongoni. Mikono yake ilikuwa baridi. Liliniingia kama lilishonwa kwangu, likawa linanukia sabuni na chini ya sabuni, Dada. Mama akanizungusha nimtazame. Akanitengeneza nywele upande, kama za kwenye picha. Midomo yake ikacheza, akaniita jina. Siyo langu.

Nikaitika.

Sikumwambia nimetoka kwa shemeji. Nilikuwa na mpango wangu. Nitasimama pale mbele, nitanyamaza mimi, ataongea Dada. Nitawasikilizisha sauti yake, na kidole changu kitakuwa juu ya kioo tayari, nitaikata kabla ya yale maneno matatu. Muswada utapata shahidi wake wa kweli, na Mama hatasikia lile la kumuua. Niliona nimekata pande zote mbili bila kumwaga damu. Akili ya mtoto wa simu.

Ukumbi ulikuwa wa shule, viti vya plastiki, feni moja inafanya kazi na nyingine inatishia kuanguka. Waheshimiwa wamekaa mbele kwenye meza ndefu. Na nyuma yao, juu yao, Dada yangu, kazi ya mikono yangu, niliyemfunga mwenyewe jana yake jioni kwa kamba kona zote.

Tulipoingia, kelele zikakatika. Watu wanaangalia bango, wananiangalia mimi, wanaangalia bango. Halafu wakaanza kupiga makofi. Mtoto mmoja wa kike akamuuliza mama yake, huyu ametokaje pale?

Mama Kipaza akanipokea kwa mikono miwili.

"Karibu, binti yangu. Tumekutafuta kama sindano."

Ningependa sana kumchukia yule mama. Lakini alimtafutia Mama kiti karibu na feni nzima, akampa maji yake mwenyewe, akamvua viatu vilivyokuwa vinambana. Anaamini anachokiamini, na hakujua kitu. Alinishika bega kwa upendo kabisa, akanipeleka kwenye kipaza sauti.

Mheshimiwa wa katikati, mwanamume mwenye miwani, akaniambia nijitambulishe kwa ufupi, watu ni wengi.

Nilimtazama Mama. Ameegemea mbele, mikono kapakata, anatabasamu. Nilikuwa sijaliona tabasamu lile tangu Dada ajifungue yule wa begani. Na nyuma kabisa, mlangoni, nikamwona shemeji. Hakunyoa. Bisibisi iko mfukoni mwa shati kama kalamu.

"Mimi siye wa kwenye picha," nikasema. "Ila mwenyewe ana maneno yake. Naomba aongee."

Nikakishika kipaza sauti mkononi, nikakisogezea simu, nikabonyeza.

Sauti ya Dada ikajaa ukumbi mzima. Kwenye simu huwa ndogo, inakaa sikioni mwangu tu. Pale ilitoka kwenye spika za kila kona, kama kaingia na amevua viatu.

"Mdogo wangu, nimerudishwa tena. Nesi kaniambia bila baba watoto hanichomi. Eti sindano ni ya baba watoto. Nikamwambia basi, kama ni ya kwake, mngojeni mumchome yeye."

Ukumbi ukacheka.

Jamani, walicheka. Upande huu na upande ule. Mheshimiwa wa miwani alicheka mpaka akaishika meza, Mama Kipaza alicheka kwa ile sauti yake ya uwanjani. Na Dada kule ndani ya simu anajicheka mwenyewe, anacheka mpaka anakohoa, mtoto analia nyuma yake, anamwambia subiri nakuja. Na mimi nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza nacheka naye na watu wengine. Nilisahau kidole.

"Daktari kasema nikibeba tena siponi, na mimi nawapenda hawa wanne, nataka kuwaona wakikua. Nitajaribu tena Jumatatu. Usimwambie Mama, sawa?"

Kidole changu ndipo kikakumbuka kazi yake.

Niliikata. Ilikuwa imeshajikata yenyewe.

Feni inazunguka. Mheshimiwa akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akauliza kwa upole, kama mtu aliyeguswa, kama mtu anayetaka kusaidia.

"Huyu mama yuko wapi? Tungependa kumsikia yeye mwenyewe."

Swali lile lile la Mama Kipaza. Na ukumbi mzima, kutoka mbele mpaka mlangoni, ukanigeukia mimi na gauni langu.

Aliyesimama ni Mama.

Alisimama peku, viatu vyake viko chini ya kiti. Mama Kipaza akataka kumshika mkono, akamwambia asante, ninaweza. Akaja taratibu mpaka nilipo. Hakuniangalia. Alinitoa kipaza sauti mkononi kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, bila hasira. Akatazama juu ya vichwa vya waheshimiwa, akamtazama Dada.

"Mheshimiwa," akasema, "naomba kwanza mteremshe ile picha."

Mheshimiwa akageuka kutazama nyuma, akarudi. Akamuuliza kwa nini, mama.

"Kuna neno nataka kulisema. Siwezi kulisema ananitazama."

Watu wakanong'ona. Vijana wawili wa ukumbi wakapanda juu ya viti. Kona moja ikafunguka, na Dada akalala upande, uso umejikunja katikati, bado anacheka. Mama alikuwa amekiweka kipaza sauti karibu mno na mdomo. Tulisikia kila pumzi yake ikitoka kwenye spika.

Kona ya pili ikagoma. Fundo nililifunga mimi mwenyewe, na nilikuwa nimelikaza.

Ndipo shemeji akaanza kuja kutoka mlangoni, katikati ya viti, bisibisi mkononi, hamwangalii mtu. Akamsogeza kijana mmoja, akapanda juu ya kiti, akaingiza ncha ya bisibisi kwenye fundo.

Mama akamwona.

Pumzi kwenye spika ikakatika, na ule mkono wake mwingine, usio na kipaza sauti, ukaanza kuinuka kumwelekea, kiganja wazi.